Ua Lililonyima Shanga

Katika ukoo wa mke wangu, binti hupanda ua juu ya kaburi la mama yake, kisha hutunga rozari kwa mbegu zake nyeusi, ngumu, za mviringo. Ua hilo lina majani mapana kama ya mgomba mchanga, na huota lenyewe kando ya mifereji ya bonde la Ruzizi.

Mke wangu hakulitaka la mferejini. Kwa kaburi la mama yake huko Mutarule alichagua lililo zuri zaidi, jekundu lenye madoa ya manjano, kutoka bustani ya parokia. Lilichanua mfululizo. Mbegu halikutoa.

Mama mmoja wa kwaya aliipata sababu upesi. Siku ya maziko mvua ilikata barabara, na mke wangu alifika kaburi limekwisha kufukiwa.

"Mama yako iko na kasirani," alimwambia mbele yangu, kwa sauti ya mtu anayesifia kitenge. "Weye ulimunyima machozi, yeye anakunyima shanga."

Tangu hapo nilimsikia mke wangu usingizini akiomba radhi.

Nimefundisha biolojia maisha yangu yote, na siamini jambo kwa sababu tu limesemwa. Niliazima hadubini ya shule, nikaleta nyumbani Kasenga ncha za mizizi na vichipukizi vya maua ya kaburini, nikavilaza katika siki kali, nikavitia rangi nyekundu, nikavibana kati ya vioo kwa kidole gumba.

Ukungu wa ziwa ulikuwa umeingia hadi dirishani. Ndani ya kioo pia palikuwa na ukungu, wa rangi ya waridi, na humo vijiti vidogo vilielea kama mitumbwi inayoonekana kutoka mlimani, isiyo na sauti wala haraka. Nilisahau chai. Nilisahau hata nilichokuwa nakitafuta.

"Muzee, iko unaona nini humo?"

"Njoo uangalie mwenyewe. Usinisadiki."

Mke wangu aliinama, akafumba jicho moja.

"Hii mbili zinashikana. Na hii moya, mbona inabakia yeye peke?"

"Haina mwenzake."

Nikamweleza. Vijiti hivyo ni kromosomu, na mmea unaozaa hupanga zake jozi jozi kabla ya kutengeneza mbegu. Katika mizizi ya ua hili nilihesabu ishirini na saba, yaani seti tatu za tisa tisa, na tatu haigawanyiki kwa mbili. Seti tatu peke yake hazithibitishi kwamba ua ni chotara. Lakini zile zilizokosa wenzi zaelekeza kwa wazazi wa aina mbili tofauti. Zaidi ya hapo sikutaka kusema.

"Basi haikatae," alisema polepole.

"Haliwezi kuzaa. Hata yale ya parokia nimeyachunguza, hayana mbegu."

Nilimtolea mbegu nilizookota mferejini. Alizigeuza kiganjani, akacheka.

"Hizi ni za mama ya muntu mwingine, Muzee."

Tulipokwenda tena Mutarule, alichimba kipande cha shina la chini la ua lile, kwa kuwa ndivyo linavyoongezeka, akakifunga ndani ya kitenge, akakipakata juu ya pikipiki hadi nyumbani. Sasa linachanua mlangoni petu, na yeye husali kwa rozari ya dukani.

Sijamuuliza kama anajiona amesamehewa. Najua tu kwamba analala kimya. Hilo nalisikia kwa masikio yangu mwenyewe.