Tamthilia Aliyoisifu Beverley

Kuna watu Minnesota, Tasmania na Nova Scotia ambao kwa miaka mingi hawakuianza tamthilia yoyote ya Kiingereza bila kumsoma kwanza Beverley Outhwaite. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kusafiri. Aliishi Thornclough, mji wa mawe meusi uliobanwa kwenye bonde la Yorkshire, na kabla ya kuanza kuandika habari za tamthilia alikuwa karani wa maktaba ya mji, mpaka maktaba ilipofungwa na jengo likageuzwa ukumbi wa mazoezi ya viungo. Kampuni moja ya London iliyouza tamthilia ng'ambo ilikuwa inatafuta mtu wa kuwaambia wateja wake watazame nini na waachane na nini. Bev akaandika barua ya kuomba kazi kama anayezungumza na jirani ng'ambo ya ua, wakampa.

Na hivyo ndivyo alivyoendelea kuandika kila Ijumaa kwenye tovuti ya kampuni. "Mpelelezi huyu ana uso wa mkate uliokosa hamira, lakini mpeni muda, mtampenda." "Hii anzeni mkiwa mmeshakula, maana sehemu ya tatu itawafungeni matumbo." Watu walimwandikia kutoka mbali wakimuuliza kwa nini wapelelezi wa Uingereza hawamalizi chai yao, na kama ni kweli mvua inanyesha hivyo. Naye aliwajibu wote. Ilikuwa ndiyo furaha yake, na nyumba ile haikuwa na furaha ya kumwaga.

Mumewe, Neville, aliwahi kuwa dereva wa mabasi. Zaidi ya miaka ishirini nyuma, vuli moja, aliwachukua wazee wa kanisa la Kimethodisti kwenda pwani kuona taa za mapambo za Blackpool. Kwenye mteremko wa Hagg breki zikakataa. Basi lilikwenda kujigonga kwenye ukuta wa daraja, na wazee tisa wakafa. Mahakama ya uchunguzi wa vifo ilisikiliza mafundi, ikasikiliza polisi, ikasema breki zilikuwa zimeoza na mwenye basi alikuwa ameshaambiwa. Dereva hakuwa na kosa. Yalisomwa maneno hayo mbele ya watu wote. Lakini Neville hakushika usukani tena, hata wa gari lake. Alikodi kipande cha shamba nyuma ya reli, akapanda vitunguu majani na kabichi, akawa mtu wa kuongea pale tu alipoongeleshwa. Usingizi wake ulikuwa wa kuibia.

Siku Imogen Farr, bosi wa Bev, alipopiga simu kutoka London, sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye zawadi mkononi.

"Bev mpenzi, tuna kitu kikubwa msimu huu. Na ni cha kwenu huko. Kinaitwa *Mteremko*."

Bev alikaa kwenye ngazi. Hakuwa amemwambia Imogen habari za Neville. Hakuwa anawaambia watu.

Kampuni ilimtumia sehemu mbili za kwanza kati ya sita, kama ilivyokuwa desturi. Yeye na Neville walizitazama pamoja mchana mmoja, mapazia yamefungwa. Mji ulikuwa umepewa jina jingine, lakini kanisa lilikuwa kanisa lao, na dereva, aliyeitwa Ray, alikuwa mtu mwema anayewatania bibi vizee na kuwashika mkono wakipanda. Neville alitazama akiwa ameegemeza viwiko magotini.

"Mimi sikuwahi kuwa na sura nzuri hivyo," alisema.

"Hukuwahi," Bev akamjibu.

Neville akacheka, kicheko kidogo kilichotoka kama kikohozi. Bev alikuwa hajakisikia kwa muda mrefu mno.

"Niandike habari zake, Nev? Sema hapana na nitawaambia wampe mtu mwingine."

Neville alifikiri. "Andika," alisema. "Safari hii walau watu watajua habari ya breki."

Basi akaandika. Aliwaambia watu wake wa ng'ambo kwamba kama wataitazama tamthilia moja tu mwaka ule, iwe hii. Kwamba ni kisa cha kweli, na hatimaye kuna mtu amewatazama watu wa kawaida kwa jicho la huruma. Hakuwahi kuandika vizuri vile. Imogen alimwambia maneno yake yalivuta watazamaji kuliko matangazo yote.

Sehemu ya mwisho waliitazama siku moja na nchi nzima. Ndani yake, kabla ya safari, Ray alionekana nyuma ya gereji akimimina wiski kwenye chupa ya chai. Akaifunga. Akaifuta kwa mkono wa koti. Mwenye basi akageuka kuwa mzee mwenye huzuni aliyeficha ukweli ili kumlinda rafiki yake, na breki zikatajwa mara moja tu, kama kisingizio.

Ilipokwisha, Neville alinyanyuka akaenda kuosha vikombe. Aliviosha mara mbili.

Asubuhi Bev alimpigia Imogen, akamweleza yote: Neville ni nani, mahakama ilisema nini.

"Bev, pole sana. Ningejua nisingekupa," Imogen alisema. "Lakini ni tamthilia. Mwanzoni kuna maandishi yanayosema baadhi ya mambo yamebuniwa."

"Baadhi yapi?"

"Hawasemi yapi. Hakuna anayesema."

"Kwa nini wiski, Imogen? Nani aliwapa wiski?"

"Waandishi walihitaji mtu. Breki haina uso."

"Mume wangu anao," Bev alisema, akakata simu.

Siku ile ile aliketi akawaandikia wasomaji wake. Aliwaambia ukweli wote, akawasihi wasiitazame. Hata jua halijachwa, kampuni ilikuwa imeshayafuta maneno yale na kumwandikia kwa upole kwamba apumzike kwa muda. Lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Wachache walioyawahi walimjibu, na majibu yao ndiyo yaliyomvunja. Mwanamke mmoja wa Hobart, kule Tasmania, alisema hakuwa na mpango wa kuitazama, sasa lazima. Mwanamume wa Halifax, ile ya Kanada, alimpongeza kwa kuwa karibu sana na kisa chenyewe, akauliza kama kutakuwa na msimu wa pili.

Pale Thornclough watu hawakusema kitu. Ingekuwa afadhali wangesema. Buchani mazungumzo yalikatika Bev alipoingia, yakaanza upya kwa habari za mvua. Irene Sugden, aliyekaa juu kidogo kwenye mtaa uleule, na ambaye mama yake alikuwa mmoja wa wale tisa, alikuwa mtu wa kumsalimia Neville kila siku tangu ajali. Alikuwapo mahakamani, aliwasikia mafundi kwa masikio yake. Sasa akawa anavuka barabara.

Bev alimfuata siku moja, akamkuta anafungua lango.

"Irene, ulikuwapo. Ulisikia."

"Nilisikia walichotaka tusikie," Irene alisema, hakumtazama. "Lile jambo limefanyiwa utafiti, Bev. Watu wa televisheni hawawezi kusema tu."

"Wanaweza. Ndiyo kazi yao. Mimi nimekula kwa kazi hiyo."

"Basi wewe ndiye uliyewaambia watu ni ya kweli," Irene akasema, akafunga lango taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

Kiangazi kilipofika, akaja Marlys Tvedt. Huyu alikuwa mjane wa Minnesota aliyemwandikia Bev tangu mwanzo, mwema kama mkate wa moto, na safari yake ya Uingereza ilikuwa imepangwa zamani. Bev hakupata namna ya kumkatalia. Alifika na viatu vyeupe na kopo la biskuti alizooka kwao, akamkumbatia Bev mlangoni muda mrefu.

"Nimeshapita pale kwenye mteremko," alisema akiketi. "Kuna watu kumi hivi wanapiga picha. Nililia, Bev. Yote kwa sababu yako."

Neville ndiye aliyemimina chai. Marlys alimshukuru, akamchukulia kuwa ni mume tu wa nyumba, kama alivyokuwa.

"Yule dereva, sijamsamehe hadi leo," Marlys akaendelea. "Wazee wa watu wamekukabidhi roho zao. Hivi yule wa kweli bado yu hai?"

Bev alifungua mdomo, lakini Neville alimtangulia.

"Yu hai."

"Anaishije na nafsi yake?"

"Anapanda mboga," Neville alisema.

"Natumaini anajuta."

"Anajuta, mama."

"Ni huyu," Bev alisema. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Marlys, ni huyu hapa. Na hakunywa kitu. Breki zilikuwa zimeoza, mahakama ilisema, nenda kasome. Yale mengine wameyatunga."

Uso wa Marlys uliiva mpaka shingoni. Alimtazama Neville, akatazama kikombe alichomiminiwa. Kisha alifanya jambo la wema kabisa, na Bev hakuweza kumsamehe kwa jambo hilo. Aliunyosha mkono wake, akauweka juu ya mkono wa Neville.

"Mungu husamehe," alimwambia. "Akiombwa, husamehe yote."

Habari ya breki ilikuwa imempita kama gari la mtaa mwingine. Neville hakuutoa mkono wake. Aliutazama ule mkono wa kizee juu ya wake, na macho yake yakalegea kama ya mtu aliyetua mzigo.

Baada ya hapo alianza kuuliza maswali. Asubuhi moja Bev alikuwa anamenya viazi, Neville akasimama mlangoni na viatu vyake vya shamba.

"Siku ile, ulinitilia nini kwenye chupa?"

"Chai, Nev."

"Una hakika?"

"Chai na maziwa. Sukari mbili. Kama kila siku."

"Wewe uliitia nyumbani. Lakini pale gereji nilikaa kama nusu saa. Naikumbuka harufu, Bev."

"Unaikumbuka runinga."

"Naukumbuka mkono wangu unaifuta ile chupa kwa koti."

"Ule ni mkono wa yule mwigizaji," Bev alisema. Kisu kilikuwa kimesimama. "Damu yako ilipimwa. Walipima, hawakukuta kitu. Hilo nalo hulikumbuki?"

Neville alitikisa kichwa polepole, si kama mtu anayekataa, bali kama anayemhurumia mwenzake kwa kushikilia. Alikuwa ameishi miaka ishirini na kitu na vifo tisa visivyo na sababu ambayo angeweza kuishika mkononi. Sasa alikuwa amepewa sababu. Na mwenye kosa huweza kutubu. Asiye na kosa aende wapi?

Alikwenda kwa Irene. Hakumuaga Bev, Bev alimwona kupitia dirisha akipanda mtaa, amevaa tai ya mazishi. Akatoka mbio na aproni yake, lakini alipofika, mlango wa Irene ulikuwa wazi na Neville amepiga magoti kwenye zulia la mlangoni.

"Nilikuwa nimekunywa, Irene," alikuwa akisema. "Nisamehe. Nilikuwa nimekunywa."

"Hakunywa," Bev alisema akihema. "Irene, usimsikilize. Unajua hakunywa."

Irene alikuwa analia. Alikuwa ameinama amemshika Neville kichwa kwa mikono yote miwili, kama mama na mtoto wa homa.

"Mwache aseme, Bev," alisema. "Ameshikilia muda mrefu mno. Mwache."

Jambo hilo lilizunguka mji kabla ya jioni, na mji ukamfungulia Neville milango. Watu waliomkwepa wakawa wanasimama kumpa mkono. Irene alileta keki ya tangawizi. Mchungaji alikuja kuketi naye sebuleni, na Bev akiwa jikoni aliwasikia wakicheka. Neville akala. Akalala usiku kucha, mdomo wazi, kama alivyokuwa akilala walipooana.

Bev alijaribu mara moja zaidi. Alimwekea mbele magazeti ya zamani yenye maneno ya mahakama. Neville hakuyagusa.

"Usininyang'anye hili, Bev," alisema. "Nakuomba, mke wangu. Sina lingine."

Vuli iliporudi, kanisa lilifanya ibada ya kuwakumbuka wale tisa, kama kila mwaka. Akina Outhwaite hawakuwahi kwenda. Safari hii familia za marehemu zenyewe zilimwalika Neville akae nao mbele, na Irene akamshikia kiti. Bev alipata nafasi nyuma, karibu na mlango, ubavuni mwa wageni wawili waliokuja na kamera zao. Mchungaji aliyasoma majina. Kisha akamshukuru Mungu kwa ajili ya ndugu yao aliyepata ujasiri wa kuungama, na kanisa zima likaitikia amina.

Bev hakuitikia. Alijua kwamba ndani ya jengo lile, na pengine duniani kote, amebaki yeye peke yake anayelijua basi lile kama lilivyokuwa. Kule mbele Neville aligeuka kwenye kiti, akamtafuta kwa macho kati ya vichwa, akamwona, akatabasamu.