Siku Baba Mkwe Alipoingia Bafuni

Baba mkwe wangu alistaafu jeshini akarudi Khayega na mabegi mawili na sauti ya kuamrisha hata ng'ombe. Hata suruali yake ya kulimia ilipigwa pasi. Ukimuuliza habari za vita alivyopigana ng'ambo, alikujibu habari za mahindi. Mimi, mke wa mwanawe, nilimpenda na kumwogopa kwa kiasi kilekile.

Kwetu, baba hamshiki mkono mke wa mwanawe, wala haingii anapolala au anapooga. Akija kwangu alisimama uani akakohoa, nami nikamtolea kiti na chai, nikaketi mbali. Miaka yote hiyo hakuwahi hata kuchungulia mlangoni. Kwa mambo ya heshima aliwashinda wazee wenzake wote kwa ukali.

Halafu asubuhi moja nikateleza bafuni. Bafu letu ni la mabati, liko nyuma ya nyumba, na bati moja lilikuwa limechanika. Likanipasua paja. Mume wangu alikuwa shambani Likuyani, mama mkwe sokoni. Nikapiga nduru. Aliyekuja mbio ni yeye.

"Baba, usiingie! Sina nguo!"

Alisimama upande wa pili wa bati. "Damu inaruka ama inatiririka?"

"Inaruka."

Akaingia. Akanitupia koti lake, akavua mshipi, akaufunga juu ya jeraha, akachomeka kijiti na kukizungusha mpaka nikamtukana. Naam, nilimtukana baba mkwe, tusi la kisawasawa.

"Tukana tu, mama," alisema, "lakini usilale."

Alinibeba hadi barabarani, akasimamisha bodaboda, tukabanana watatu mpaka hospitali. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu, ningekuwa maiti.

Nilipopata nafuu, wazee wa ukoo walimwita. Baba akimwona mke wa mwanawe uchi, lazima kondoo achinjwe watakaswe. Hakubisha. Alimleta kondoo mwenyewe, akimvuta kwa kamba mbele ya majirani. Mimi nilikuwa jikoni nikiwapikia, masikio yote nje, na nilikuwa na hasira. Mtu ameniokoa, halafu anakalishwa kama mwizi wa kuku!

Mzee mmoja akamtaka aseme, mbele ya wote, aliona nini humo bafuni.

"Niliona damu," alisema. "Kule vitani rafiki yangu alimwagika damu hivyo hivyo. Mimi nikaanza kuitana, nikitafuta mtu wa kunisaidia. Akaniishia mikononi. Hii mara sikutafuta mtu. Kitu ingine sikuona."

Mimi nikaacha mwiko ndani ya sufuria, nikalia kwa sauti, makusudi, ili wote wanisikie.