Mkono wa Kushoto wa Msusi

Wateja wa saluni yangu pale Naro Moru ndio waliogundua kwanza, ila walilisema kwa namna yao: ati upande mmoja nasuka vizuri, upande wa pili nalegeza. Walikuwa na haki. Nikiinua mkono wa kushoto juu ya kichwa cha mtu kidogo tu, ulichoka hadi ukauma. Tena ulikuwa wa baridi siku nzima. Lakini huku kwetu chini ya mlima wenye theluji, nani anaenda hospitali kwa sababu ya mkono wa baridi? Mama alinifumia glavu moja tu, ya kushoto. Mchumba wangu, fundi wa pikipiki asiyejua kunyamaza, alinishika mkono huo mbele za watu na kuuliza kama naulaza nje usiku.

Zahanati walinipima presha wakasema niko sawa. Kwa baridi ya kwetu mtu havui koti na sweta mbili hivi hivi. Nilikunja nguo ya mkono wa kulia, ulio karibu na mashine, basi.

Daktari niliyempata mjini Nyeri, mama wa makamo mwenye sauti ya kuongoza kwaya, aliniamuru nivue vyote. Mkono wa kulia mashine ilisoma vizuri. Wa kushoto ilijaa upepo, ikanguruma, isitoe kitu. Muuguzi akasema imeharibika, akaenda kutafuta nyingine. Daktari hakungoja. Alinishika vifundo vya mikono yote miwili kwa pamoja, akafumba macho, akatafuta mapigo ya damu. Kulia yalikuwepo. Kushoto, kimya.

Picha zilithibitisha alichoshuku. Kinga ya mwili wangu ilikuwa ikishambulia mishipa mikubwa ya damu, kuta zake zikavimba na njia ikawa nyembamba. Ni ugonjwa wa nadra, alisema, na huwapenda wanawake vijana. Uvimbe usiposhuka, mshipa unaopeleka damu kichwani nao ungeweza kuziba. Niliogopa sana, sitaficha.

Vidonge alivyoniandikia vilinipa njaa ya ajabu na uso wa mviringo. Sokoni walinipongeza ati mchumba ananitunza, naye akazipokea sifa zote bila haya. Wiki chache kabla ya ngurario, sherehe yetu ya ndoa ya kimila, daktari alinipima tena. Maumivu yalikuwa yamepungua, lakini kwenye kifundo cha mkono wa kushoto hakupata mapigo. Akamwonyesha mchumba wangu, aliyenisindikiza, pa kuweka vidole, akasema tuendelee na dawa.

Siku ya ngurario wanawake kadhaa tulifunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, bwana harusi amtambue wake. Akikosea anatozwa faini, na kuchekwa miaka yote. Wazee wa kwetu walimruhusu kugusa mikono ya kushoto tu, naye nikamsikia akiwaambia rafiki zake kwamba kazi imekwisha. Alinishika mkono. Akauachia, akapita.

Nilikasirika mpaka nikakaribia kuivua leso. Kisha vicheko vikalipuka: alikuwa amemchagua binamu yangu, aliyekuwa ametoka kuosha sufuria kwa maji ya mto.

Tulipofunuliwa, shangazi alimuuliza alikuwa anatafuta nini.

"Nilikuwa natafuta mkono ya baridi," akasema. "Ni moja tu ilikuwa na baridi."

Watu walicheka, wazee wakaanza kumchagulia mbuzi wa faini. Yeye hakucheka. Alikuja, akanishika tena kifundo cha mkono wa kushoto, akaweka vidole pale daktari alipomfundisha. Akawaomba wanawake wanaoimba wanyamaze kidogo, jambo ambalo sijawahi kuona bwana harusi akithubutu. Nilimtazama usoni, kwa kuwa kuutazama mkono sikuweza.

"Inapiga," akaniambia. "Kidogo, lakini inapiga."

Nililia kwa furaha mbele ya wakwe zangu wote, naye akaendelea kushika, hadi mzee mmoja akamwambia auache mkono wa watu, faini bado hajalipa.