Maiti Aliyelala Ubavu wa Kulia

Filamu za vita za Wazungu mimi huzichunguza kama polisi, na macho yangu hayajadanganywa bado. Jumamosi kwa kinyozi wetu Mkongo, hapa ughaibuni mtaa wa Granville, runinga ilionyesha moja kuukuu ya Ulaya. Nikawaambia, "Huyo mweusi anayewabebea maofisa sinia ndiye yule aliyeuawa darajani. Wameajiri mmoja awe Afrika nzima."

"Kaka, unazidisha," kinyozi akacheka.

Mzee wa Tanga, kichwa nusu kimenyolewa, hakucheka. "Hebu rudisha pale darajani."

Ikarudishwa. Wenzake walianguka chali. Yeye, risasi imeshampata, akajigeuza taratibu, akalalia ubavu wa kulia, kiganja chini ya shavu, kama watoto wa madrasa wanavyofundishwa kulala.

"Ami yangu," mzee akasema. "Alisoma huko Ulaya. Alituapia kwamba aliigiza sinema, tukamwita mwongo mpaka tukamzika."

"Mbona uso hauonekani, mzee?" kinyozi akauliza.

"Uso wa nini? Mzungu gani angemfundisha kufa hivyo?"

Akampigia simu dada yake Tanga: "Tulimsingizia marehemu."

Mimi sasa nawashuku maiti wote wa filamu zile. Ni ami za nani?