Reli ya Mikanda ya Mitumba

Sisi tuliokulia Gulwe miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikaanza kumwagika minadani, tulikuwa na treni mbili. Moja ilipita stesheni na kutikisa sufuria zetu. Nyingine ilikuwa makopo matatu ya samaki yaliyofungwa kwa waya, magurudumu yake soli za kandambili zilizochongwa mtaro katikati. Mtoto wa leo hununuliwa treni nzima, na betri ikiisha, mchezo nao umeisha.

Makopo hayakututesa. Kilichotutesa ni reli. Uwanja wa bibi uliteremka kutoka ukuta wa tembe, nyumba yake ya udongo, hadi mlango wa zizi, na mimi na Sechelela, binti wa mama mkubwa aliyekuja likizo, tuliapa kwamba treni itateremka yenyewe mpaka mlangoni, bila kuguswa. Lakini kila jioni ng'ombe walirudi kwa njia hiyohiyo, na bibi alishasema, "Nikikuta kitu hapa chini, nakisongea ugali." Hakuwa anatania. Basi tulihitaji reli ya kutandua jioni na kutandika tena kesho, ikiwa nzima.

Tulianza na mabua ya mtama. Mbuzi wakayala. Tukajaribu matuta ya udongo, treni ikapita vizuri kweli, ila kwato zilipita juu yake jioni ileile. Waya nao ukishakunjwa haunyooki tena sawasawa. Baada ya siku chache treni ikawa inayumba njia nzima.

"Reli yako hii inatoka kilabu cha pombe," Sechelela alinicheka.

Jibu nililikuta mnadani. Muuza nguo alikuwa anakata mikanda ya chuma iliyofunga marobota ya mitumba na kuitupa. Ukiipinda kidogo, inarudi yenyewe. Tuliibeba ikatuchana mikono. Palipokunjwa kwenye kona za robota hapakunyooka, kwa hiyo tulikata kona zote tukabaki na vipande vifupi, na ufupi ule ndio uliotufaa: reli nzima ilienea kwenye mfuko mmoja. Mataruma, vile vipande vinavyolazwa chini ya reli, tulichonga kwa kuni za bibi, kila moja likapasuliwa mifereji miwili kwa msumeno, mkanda unasimama humo kwa ubavu. Upana tulipima kwa kiberiti. Mimi nilikilaza, Sechelela akakisimamisha, na treni ikaanguka pale kazi yangu ilipokutana na yake. Tukagombana, tukachonga upya.

Ikafika siku ya mwisho ya likizo. Kesho yake Sechelela alikuwa anarudi Dodoma mjini, mtaa wa Kikuyu, kwa wazazi wake, na treni haijafika zizini hata mara moja. Tulitandika mchana kutwa. Nilipoiachia, kengele za ng'ombe zilikuwa zimeshasikika.

"We Sechelela, toka hapo!" mjomba Malogo alipiga kelele nyuma ya ng'ombe. "Hawa hawasubiri makopo!"

Sechelela akasimama mlangoni, mikono ameitanua. "Mjomba, shikamoo, ngoja kidogo! Treni inaingia stesheni!"

Mjomba akalipiga dume fimbo ya pua, likasimama. Makopo yakaruka kiungo kimoja, yakayumba, yakashika tena, yakagonga mguu wa Sechelela.

"Haya, abiria washuke," mjomba akasema. "Mizigo yangu ina pembe."

Tulitandua reli yote kabla ng'ombe wa kwanza hajapita.

Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo nimezunguka nchi hii nikifanya kazi yoyote iliyonipa nafasi ya kuchungulia kitu kinavyofanya kazi. Juzi nilipita kwa Sechelela, Kikuyu. Wanawe wana reli ya plastiki, duara lililounganishwa moja kwa moja; huwezi kulifungua bila kulivunja. Treni inapiga taa, inapiga honi, inazunguka meza. Niliitazama mpaka shingo ikauma.

"Mjomba, unasubiri nini?" mdogo wao akaniuliza.

"Nasubiri ifike," nikamwambia.

Wakacheka sana, isipokuwa mama yao.