Shali Ambayo Haijafungwa

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Niliishia darasa la nane na mkono wangu hauendi haraka. Neno moja naweza kulifuta na kuliandika tena kabla sijaliacha. Mkikuta herufi imekosea, someni tu kama mnavyodhani nilitaka kusema.

Jumamosi moja kabla ya uchaguzi nilikuwa nimekaa mlangoni pa ploti yetu ya vyumba vya kupanga, mtaa wa Mathare, mikono nimeinyoosha mbele kama mtu aliyebeba kuni. Shosho Tabitha alikuwa ananizungushia uzi mikononi. Alikaa chumba cha mwisho, karibu na mfereji wa kuchotea maji. Hakuwa bibi yangu wa damu, lakini ploti nzima tulimwita Shosho. Alikuwa ananunua sweta kuukuu soko la Gikomba, anazifumua, anaosha uzi, kisha anafuma upya kofia na soksi za watoto. Sindano zake zilikuwa spoki za baiskeli alizozinoa kwenye sakafu ya simiti.

Mama alikuwa mjamzito. Nilitaka kumfumia mtoto shali, kwa sababu kila kitu kwetu kilikuwa kimeshavaliwa na mtu mwingine.

"Hata huu uzi umevaliwa," Shosho aliniambia. "Lakini kitanzi ni chako."

Mimi ni mtu wa haya tangu utotoni. Kwa Shosho sikulazimika kuongea. Alinifundisha kuanzisha vitanzi, kisha kufuma, kisha kuokota kitanzi kilichoanguka. Kufunga alikataa. Usipofunga mstari wa mwisho, ukichomoa spoki vitanzi vyote vinakimbia na kazi yote inafumuka. Lakini yeye hakumwonyesha mtoto yeyote kufunga mpaka kazi iwe imefika urefu wake.

"Shosho, nionyeshe leo."

"Nikikuonyesha leo utafunga leo. Nawajua. Utamfumia paka."

"Si ya paka."

"Basi fuma."

Mama, aliyekuwa anafua karibu na mfereji, alicheka. "Esta, leo umepatikana."

Watu wakapiga kura. Matokeo yalipotangazwa tuliona moshi ng'ambo ya mto, halafu upande wetu pia. Maduka yalifungwa. Baba alikuwa kwenye kazi ya mjengo mjini Thika na barabara ilikuwa imezibwa kwa mawe na matairi. Ploti yetu ilikuwa na watu wa pande zote mbili zilizogombana, na miaka yote tulipanga foleni moja ya maji. Sasa watu walichota maji bila kusalimiana. Upande wetu wa bonde, watu wa kwao Shosho walikuwa wachache. Wengi wao waliondoka asubuhi ya kwanza. Yeye alisema magoti yake hayawezi ule mteremko wa kwenda ofisini kwa chifu, akaendelea kufuma.

Nami niliendelea. Shali ilikuwa imebakisha kama upana wa kiganja changu.

Vijana walikuja mchana. Walikuwa na rungu na panga. Mama alisimama mlangoni pa ploti, mkono mmoja tumboni.

"Chumba cha mwisho anakaa nani?"

"Mamangu," Mama akasema.

"Mamako? Mbona hamfanani?"

Mmoja akacheka. Mwingine akasema, "Basi aongee lugha yenu, tusikie."

Shosho alitoka na kazi yake mkononi. Hakujaribu kuongea lugha yetu. Alisema kwa Kiswahili, "Mnanijua. Huyo wa nyuma amevaa kofia yangu."

Wote waligeuka.

Nilimfahamu yule kijana. Alikuwa anasukuma mkokoteni wa maji njia yetu. Aliivua ile kofia, akaikunja, akaiweka mfukoni.



"Shosh," akasema akiangalia chini, "toka kabla ya jioni. Hao wengine wakikuja hawataongea na wewe."

Wakaenda mlango wa ploti iliyofuata.

Shosho alifunga vitu vichache kwenye leso. Mama alilia na kumshika mkono, akamwambia ajifiche chini ya kitanda chetu. Alikataa. "Wakinikuta kwako, watawamaliza na ninyi, na huyo ambaye hajazaliwa."

Nilimpelekea shali. Nilitaka anifungie yeye, au anionyeshe upesi. Aliipima kwa mkono wake, pale pale amesimama.

"Bado fupi," akasema. "Mtoto atabaki miguu nje. Fuma. Nikirudi nitakuonyesha."

Akateremka polepole kuelekea kwa chifu, ambako watu wa kwao walikuwa wamekusanyika. Magoti yake yalikuwa yanauma kweli. Alishuka kwa ubavu.

Jioni walikuja wale wengine. Walibeba mlango wake na mabati yake. Magunia ya uzi waliyamwaga kwenye mtaro, na kesho yake rangi zote zilikuwa zimesombwa na maji machafu.

Ndugu yangu alizaliwa kabla barabara hazijafunguliwa. Mwanamke wa ploti ya jirani ndiye aliyemsaidia Mama. Tulimfunika mtoto kwa shali yangu ikiwa bado kwenye spoki, ncha tumezifunga vitambaa zisimchome. Nilikuwa nimefuma ule upana wa kiganja, na ulikuwa wa kutosha. Miguu haikubaki nje.

Kulipotulia, Mama alikwenda kwa chifu kuuliza. Aliambiwa wale watu walipakiwa kwenye malori, mengine yalienda huku, mengine kule. Wengine walisema kulikuwa na wazee ambao hawakufika popote. Majina hakuna aliyeyajua.

Ndugu yangu sasa anacheza mpira, na shali hiyo haimfiki hata magotini. Kufunga nilijifunza baadaye, kwa mwanamke mmoja wa mtaa wa Huruma, kwa dakika chache tu. Si kazi ngumu. Nimewafumia kofia Mama, Baba na ndugu yangu, na zote nimezifunga vizuri. Ile shali sijaifunga. Spoki imeshika kutu na imechora mstari mwekundu kwenye uzi. Mama huniambia niimalize, kwa sababu Shosho alikuwa mzee hata wakati ule. Najua hesabu hiyo. Huenda hayupo.

Mnaosoma haya, mko sehemu nyingi kuliko zile yalikofika malori yale. Kama kuna mtoto kwenu amefundishwa kufuma kwa spoki na mwanamke mzee anayeshuka kwa ubavu, akanyimwa kufunga mpaka kazi iwe ndefu, niandikieni. Hata mstari mmoja. Nitausoma polepole, lakini nitausoma.