Ndume wa Mzee Munyi

Pale Manyatta, kijana akitaka kuoa alipitia kwanza kwa Mzee Munyi. Munyi alijua koo zote na matawi yake, nani kazaa nani, na nyanya ya nani alitoka wapi. Akisema "hawa ni damu moja," mambo yaliishia hapo, hata kama chakula cha wageni kilikuwa tayari jikoni. Watu walinung'unika, lakini nani angebishana na mtu anayekutajia babu yako wa tano bila hata kukuna kichwa?

Fahari yake nyingine ilikuwa ndume. Alimnunua kule Meru akiwa ndama, mwana wa ng'ombe aliyesifika kwa maziwa, na mabinti wa kwanza wa ndume huyo hawakumwaibisha. Walijaza ndoo, tena maziwa mazito yenye malai juu. Basi majirani wote wakaanza kuleta ng'ombe wao kwake.

Kisha likaja suala la mtamba wake mwenyewe. Alikuwa amemlea kwa majani ya nepia na pumba, awe tegemeo la nyumba baada ya mama yake. Alipozaa, ndama hakuweza kusimama, akafa. Maziwa nayo yalikuwa jagi moja tu, mepesi. Munyi alilaumu nyasi, akalaumu mvua, na nusura alaumu mikono ya mkewe Teresia anayekamua. Mwishowe akamwita Sheila, daktari wa mifugo.

Sheila alimpima mtamba mwili mzima, hakuona ugonjwa.

"Mzee, baba ya huyu ni nani?"

"Si huyu ndume wangu!" Munyi akajibu kwa madaha.

"Na mama yake, baba yake nani?"

"Huyu huyu. Hapa kwangu hakuna damu ya kuokota."

"Na ndama aliyekufa?"

Munyi akageuka, akamtazama ndume wake.

"Huyu ndume ametoka kwa ukoo wa maziwa, hiyo ni kweli," Sheila akasema. "Lakini kila mnyama ako na kasoro imejificha ndani. Ukileta damu ingine, inafunikwa. Ukirudisha baba kwa binti, kasoro inakutana na ingine kama hiyo, inatokea. Maziwa inapungua, ndama inakufa."

Munyi akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mungu wangu! Yeye, aliyevunja uchumba wa watu kwa sababu ya nyanya mmoja, amekuwa akimwoza binti kwa babake mchana kweupe, na kumpa bwana harusi chumvi ya kulamba!

Sheila akiwa bado anafunga begi lake, Njuki, jirani, akafika langoni akivuta mtamba.

"Mzee, fungua. Huyu ako na joto tangu asubuhi, anataka ndume."

Munyi akasimama katikati ya lango. Angeweza kusema ndume ni mgonjwa, na heshima yake ingebaki salama.

"Siwezi, Njuki. Huyu ni binti yake."

Njuki akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

"Na yule mtamba wa jirani yetu Gladwell, aliyepandwa juzi?"

"Pia."

Njuki akaizungusha kamba mkononi, polepole.

"Na ng'ombe yangu mwaka jana? Ile ilizaa ndama bila macho, ukaniambia nyumba yangu iombewe?"

Munyi alishindwa kumtazama usoni.

"Pia," akasema.